Finasteridi kwa kipara cha kurithi: kukata kidonge cha miligramu 5 na mambo ya kujua kabla hujaanza

Ndugu mmoja wa Masasi ameuliza: ana miaka 27, pembe za paji zinarudi nyuma, utosi umeanza kuonekana, na ameambiwa vidonge vya finasteridi vya tezi dume vinafaa na ni nafuu. Avimezeje?

Vinafaa, ila si kwa kila kichwa wala si kwa dozi iliyoandikwa kwenye boksi. Hakikisha kwanza ni kipara cha kurithi. Hicho huanzia pembe za paji au utosini, nywele zikizidi kuwa nyembamba na fupi taratibu, huku za kisogoni zikibaki nzito. Duara tupu, laini, lililotokea ghafla ni ugonjwa mwingine. Mapunye na vipele vya kisogoni baada ya kunyoa navyo finasteridi haivigusi kabisa. Onesha kichwa kwa daktari, hospitali ya Ligula ukiwa Mtwara mjini, hospitali ya Sokoine ukiwa Lindi. Hii ni dawa ya cheti, kwa hiyo safari hiyo huikwepi.

Mwili hugeuza testosteroni, homoni ya kiume, kuwa homoni nyingine iitwayo DHT, na DHT ndiyo inayodhoofisha mashina ya nywele kwa mwenye urithi huo. Finasteridi huzuia mgeuzo huo. Ya tezi dume, miligramu 5, iliidhinishwa Marekani mwaka 1992. Ya nywele, miligramu 1 kwa siku, mwaka 1997. Kumeza 5 nzima kwa ajili ya nywele ni kutupa hela, maana hata 0.2 hushusha DHT ya ngozi ya kichwa kwa zaidi ya nusu, na 5 inaizidi 1 kwa kidogo tu. Ndiyo maana daktari akikubali, watu hukata kidonge cha 5 vipande vinne. Kila kipande ni kama 1.25, na vidonge 28 vinakufikisha siku 112. Kipande kikitoka kikubwa kuliko kingine usihangaike.

Pa kuhangaikia ni unga. Ngozi ya nje ya kidonge ikiwa nzima, dawa haigusi mkono wa mtu. Ukikikata, unga unabaki, na kwa mama mjamzito unga huo unaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Kwa hiyo usikatie kwenye kibao cha mboga wala kwa kisu cha jikoni. Tandika karatasi, tumia kiwembe kipya au kikatio cha vidonge, kisha kunja karatasi na unga wake ukatupe mwenyewe, unawe mikono. Kata kidonge kimoja kimoja, kila baada ya siku nne. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na vipande vilivyokatwa vyote siku moja hulainika na kumong'onyoka, unga ukazidi. Weka kwenye kichupa chenye kifuniko cha kukaza, mbali na bafuni.

Meza saa yoyote, na chakula au bila. Ukisahau, ruka, usimeze viwili.

Wengi huiacha mwezi wa pili au wa tatu kwa sababu nywele zinaonekana kupukutika zaidi. Hiyo hutokea na kupita. Dalili nzuri huanza kati ya miezi mitatu na sita, na hukumu ya haki ni mwaka mzima. Ukinyolewa mashine namba moja kila wiki hutaona tofauti yoyote: acha nywele zirefuke kidogo, piga picha ya utosi kila mwezi, dirisha lilelile, saa ileile. Kazi kubwa ya dawa hii ni kulinda zilizopo. Paji lililokwisha kuwa tupu halirudi. Na ukiiacha, ulichopata kinaondoka ndani ya mwaka mmoja hivi.

Madhara yapo na yasemwe wazi. Wachache hupungukiwa hamu ya tendo la ndoa, nguvu za kiume au wingi wa manii. Wengi wao hurudi sawa wakiacha, lakini kuna walioripoti kuendelea hata baada ya kuacha. Huzuni nzito na mawazo ya kujiua pia yameripotiwa. Ukiyaona hayo acha siku hiyohiyo, nenda hospitali. Aliyewahi kuugua sonona amwambie daktari kabla ya kuanza. Uvimbe au maumivu ya titi usiyapuuze.

Kuna pia minoksidili, dawa nyingine ya nywele. Ya kumeza ni dawa ya presha. Kwa nywele madaktari huiandika kwa wanaume kiasi cha miligramu 2.5 hadi 5, wakifuatilia presha, mapigo ya moyo na miguu kuvimba. Nakusihi, usinywe ile ya maji ya kupaka. Mililita moja ya asilimia 5 ina miligramu 50, mara kumi ya dozi ya juu niliyotaja.

Ukitaka kuchangia damu, subiri mwezi mmoja tangu kidonge cha mwisho. Na siku ukipimwa PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, mwambie daktari unatumia finasteridi: inashusha kipimo hicho kwa karibu nusu, hivyo 2 kwenye karatasi huenda ni 4 mwilini.