Redio Ndani ya Karakana ya Mabati: Anza na Antena

Fundi ambaye redio yake inakwaruza ndani ya karakana hukimbilia kununua redio kubwa zaidi, na mara nyingi redio hiyo mpya nayo hukwaruza, ila kwa sauti ya juu zaidi. Mimi ninachomelea mageti na madirisha Nyakato, jijini Mwanza, katika jengo ambalo paa na kuta zake zote ni bati, na kwa kuwa siku yangu haikamiliki bila taarifa ya habari ya asubuhi na mpira wa jioni, nimelazimika kulishughulikia jambo hili kwa undani. Ushauri wangu wote unaegemea hoja moja: bati likishakuzunguka pande zote, ubora wa redio haukusaidii sana, kinachokusaidia ni kuitoa antena nje ya bati.

Mawimbi ya redio yanapogonga chuma huamsha mkondo mdogo wa umeme juu ya uso wake, na mkondo huo huyarudisha yalikotoka. Bati la geji 28 au 30 halifikii nusu milimita kwa unene, lakini kwa mawimbi ya FM, yaliyo kati ya megahezi 87.5 na 108, unene huo unatosha kabisa kuyazuia. Yale machache yanayoingia hupitia mlangoni, madirishani, kwenye bati za plastiki za kupitisha mwanga, na katika uwazi ulioachwa kati ya ukuta na paa. Wimbi moja la FM lina urefu wa mita 3 hivi, kwa hiyo mlango mpana wa karakana huingiza mawimbi ya kutosha, ilhali tundu la msumari halipitishi chochote cha maana. Kwa masafa ya kati, yale yanayoandikwa AM au MW kwenye redio, hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mawimbi yake yana urefu wa karibu mita 190 hadi 560, na mbele ya wimbi la namna hiyo hata mlango wa kuingizia lori ni kitundu tu. Ndiyo maana redio inayokamata vituo vya mbali usiku ikiwa uani hunyamaza kabisa ukiiingiza ndani. Wapo pia wanaoshauri kuta ziunganishwe na ethi, yaani waya unaopeleka umeme ardhini, ili redio isikike vizuri. Ethi ina kazi yake muhimu ya usalama, lakini bati lenye ethi huzuia mawimbi sawasawa na lisilo nayo.

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, chukua redio ndogo ya betri na ufanye majaribio. Isikilize uani, mbali kidogo na jengo, kisha ndani ukiwa umezima swichi kuu ya umeme, kisha ndani mashine zote zikiwa zinafanya kazi. Ikiwa uani nako inakwaruza, tatizo ni umbali wa kituo au kilima kilichosimama kati yako na mnara, jambo la kawaida katika mji wa vilima vya mawe kama Mwanza, na hapo utahitaji antena ya juu hata kama jengo lako lingekuwa la matofali. Ikiwa uani ni safi na ndani ni kelele tupu, bati ndilo linalokuzuia. Ikiwa ndani ni pazuri mpaka umeme unapowashwa, basi kelele inazalishwa na vifaa vyako mwenyewe, na antena peke yake haitaimaliza.

Mambo yasiyo na gharama yatangulie. Isogeze redio karibu na mlango au dirisha linalotazama upande wa mnara, na usiulaze mkonga wake, ile fimbo ya antena inayovutwa, kwenye bati wala kwenye nguzo ya chuma. Mawimbi yaliyoingia ndani hurushwarushwa na kuta, hivyo sehemu moja hupata nguvu na nyingine hukosa, na kati ya hizo mbili huenda pasiwepo zaidi ya sentimita 75. Ukiona sauti inabadilika kila mtu anapopita, isogeze redio kidogo kidogo kabla ya kuilaumu. Kama ina swichi ya kuchagua stirio au mono, iweke kwenye mono, kwa maana stirio huhitaji mawimbi yenye nguvu zaidi ili isikike bila mkwaruzo, na sijawahi kumwona mtu anayefaidi stirio huku grenda inakata nondo pembeni yake.

Hayo yakishindwa, tengeneza antena ya nje. Ninayoipendekeza zaidi ni ile ya mikono miwili, na karakana yoyote ya madirisha ina vipande vya alumini vya kuitengenezea. Gawanya 142.5 kwa masafa ya kituo unachokipenda, yakiwa katika megahezi, na jibu litakuwa urefu wa antena nzima kwa mita. Kituo cha megahezi 95, kwa mfano, kinahitaji mita 1.5, yaani mkono mmoja sentimita 75 na mwingine sentimita 75, kwa mstari mmoja, vikiwa vimeachana kidogo katikati juu ya kipande cha plastiki au mbao kavu. Anayesikiliza vituo vingi akate sentimita 73 kila upande na atavipata vyote kwa kiwango cha kuridhisha. Tumia kebo ya antena ya televisheni, ile nene ya omu 75, ambayo inalingana vizuri na antena ya aina hii: waya wake wa ndani ufungwe kwa skrubu kwenye mkono mmoja, na wavu wake wa nje kwenye mkono wa pili. Funika maungio kwa silikoni, kwa sababu maji yakiingia ndani ya kebo huiharibu polepole, na utadhani ni redio iliyozeeka.

Antena hiyo isimame juu ya mlingoti, walau mita moja na nusu kutoka kwenye paa. Ukiilaza karibu na bati, mawimbi yanayorudishwa na bati huyafuta yale yanayotoka kituoni. Baadhi ya vituo hurusha mawimbi yaliyosimama wima, vingine yaliyolala, vingine ya namna zote mbili. Usihangaike kulisoma jambo hili kwenye vitabu, bali mwache kijana mmoja asikilize ndani wakati wewe unaizungusha, kisha ukaze bolti pale atakaposema.

Asiyetaka mlingoti anaweza kulitumia bati lenyewe. Fimbo ya sentimita 75 ikisimamishwa wima juu ya paa, ikatengwa na bati kwa plastiki, na wavu wa kebo ukaungwa kwenye bati lililokwanguliwa rangi, paa lote huwa sehemu ya antena, kama ilivyo kwa antena iliyo juu ya gari. Njia hii ni rahisi na hukamata mawimbi kutoka pande zote, ingawa kwa vituo dhaifu mimi bado naiamini ile ya mlingoti. Kebo ipitishwe ukutani badala ya paani ili usijitafutie paa linalovuja, tundu liwe na mpira wa kuzuia makali ya bati yasiikate, na kwa nje iachwe ining'inie kidogo chini ya tundu ili maji ya mvua yadondoke kabla ya kuingia.

Ndani, redio ya gari ndiyo chaguo langu, kwa kuwa ina tundu la antena, usikivu wake ni mzuri, na inatumia volti 12 za betri. Redio ya mkonga nayo inakubali: waya wa ndani wa kebo ubanwe kwenye mkonga, na wavu ubanwe kwenye ncha hasi ya sehemu ya betri. Fanya hivyo kwa redio inayotumia betri tu. Ya umeme wa ukutani usiifungue. Usivute waya mtupu kutoka nje hadi kwenye meza ya kazi, kwa maana sehemu iliyo ndani itakusanya kelele za mashine zote. Na kama baada ya kufunga antena kituo kimoja kinajitokeza mahali pengi kwenye redio, mawimbi yamezidi uwezo wake, hasa ukiwa karibu na mnara. Hapo punguza urefu wa antena.

Kuhusu radi sitanii. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na fimbo iliyo juu ya paa inaialika. Mlingoti uungwe kwa waya mnene wa shaba hadi kwenye nondo ya ethi iliyozikwa ardhini, kazi hiyo ifanywe na fundi umeme anayeielewa, na wingu likianza kunguruma kebo ichomolewe kwenye redio na kuwekwa nje. Hata ethi nzuri haizuii radi iliyopiga moja kwa moja.

Kelele za ndani nimezikuta zikitoka mahali ambapo sikupatarajia. Mashine ya kuchomelea na grenda hujulikana, na kwa bahati hunyamaza ukiacha kazi. Taa za LED za bei ya chini na chaja za simu hukwaruza kutwa nzima bila mtu kuzishuku. Chomoa kimoja kimoja huku redio ikiwa imewashwa, na utakigundua chenye kosa kwa dakika chache. Adapta nyepesi ya kuendeshea redio ya gari nayo inaweza kuwa na tabia hiyohiyo, na ndiyo sababu napendelea betri au adapta ya zamani yenye transfoma nzito.

Mwenye nyumba akikataa usiguse paa lake, simu inabaki. Iweke dirishani inakopata mtandao, kisha ipeleke sauti kwenye spika ya bluetooth, ambayo haisumbuliwi na bati kwa sababu safari yake yote iko ndani. Bando litaisha haraka, na matangazo ya mtandaoni huchelewa nyuma ya redio, hivyo siku ya Simba na Yanga utasikia jirani mwenye antena akishangilia bao wakati kwako mpira bado uko katikati ya uwanja.