Kwa mnaoanza kazi ya mipira ya gofu: ganda hushika au hukataa kabla halijamiminwa

Kama umewahi kumtazama fundi baiskeli akiziba pancha, umeshaiona kazi yetu. Fundi habandiki kiraka papo hapo. Kwanza anaiparuza tyubu kwa msasa mpaka ule weusi unaong'aa ugeuke kijivu, anapangusa vumbi, anapaka solusheni, anaiacha ikauke mpaka ikiguswa isilowanishe kidole, ndipo anagandamiza kiraka. Akiruka msasa, mwenye baiskeli atarudi jioni hiyo hiyo. Nimefanya kazi miaka kadhaa katika kiwanda cha mipira ya gofu hapa Marekani, na mengi ninayotaka kuwaambia yamo mikononi mwa fundi yule.

Mpira wa vipande vitatu una kiini cha polibutadiini, yaani raba ya kiwandani, juu yake tabaka la ayonoma, ambayo ni plastiki ngumu, halafu ganda la poliurethani, plastiki inayomiminwa ikiwa majimaji kisha ikaganda, ambalo mara nyingi halifiki unene wa milimita moja. Kanuni za gofu zinataka kipenyo kisipungue milimita 42.67 na uzito usizidi gramu 45.93, kwa hiyo hakuna nafasi ya kuongeza gundi nene katikati. Fimbo inapopiga, inagusa mpira kwa muda wa karibu nusu ya milisekunde. Ndani ya muda huo kiini kinabonyea na kurudi, huku ganda likivutwa upande. Mvutano wote unaishia pale tabaka mbili zinapokutana, na tabaka zenyewe hazipendani kwa asili.

Mgeni akiona ganda limebanduka, hukimbilia kulaumu malighafi. Nami nilifanya hivyo. Kuna wakati bechi moja ilianza kupasuka kwenye mzinga wa hewa, ile mashine inayofyatua mpira ugonge bamba la chuma mara nyingi mfululizo. Tukabadilisha poliurethani, tukapandisha joto, tukalishusha, siku zikaenda. Aliyetuokoa ni mama mmoja wa zamu ya usiku, kazi yake kupuliza vumbi kwenye viini vilivyotoka kusagwa. Alielekeza bomba la hewa kwenye karatasi nyeupe kwa dakika moja, kisha akaniletea ile karatasi. Ilikuwa na madoadoa kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Chujio la kompresa lilikuwa limechoka, na sisi tulikuwa tunapaka mafuta kila kiini huku tukiamini tunakisafisha. Tangu siku hiyo sianzi zamu bila karatasi nyeupe mbele ya kila bomba, nawe ufanye hivyo kabla hujagusa kitufe cha mashine yoyote.

Sasa tuanze na kiini. Kinapotoka kwenye kalibu kina ngozi laini, na juu ya ngozi hiyo kuna mabaki ya dawa ya kuzuia kunata, na mara nyingine utando kama nta unaopanda wenyewe kutoka ndani ya mchanganyiko. Kukisaga si kwa ajili ya kupata kipimo tu, kunaondoa ngozi hiyo na kuacha mikwaruzo ambayo tabaka la juu litaing'ang'ania. Gurudumu lililokwisha makali halikwaruzi, linasugua na kupasha moto, na kiini kinatoka na mng'aro. Kiini kinachong'aa ni kibaya, hata kama kipimo chake ni sahihi kabisa. Viwanda vya viatu hupaka soli za mpira kemikali yenye klorini ili zishike gundi, na njia hiyo hiyo inaweza kutumika kwenye viini, lakini haifidii usagaji mbovu.

Silikoni ndiyo ninayoiogopa kuliko vyote. Imo kwenye dawa za kalibu, na imo pia kwenye losheni nyingi za ngozi na mafuta mengi ya nywele. Usijipake losheni mikononi kabla ya zamu, na glavu uliyoshikia simu usishikie kiini.

Ayonoma ina tabia nyingine. Uso wake hauna kemia ya kushikana na poliurethani, ndiyo maana tunaupitisha kwenye plazima au korona, umeme unaopachika oksijeni juu ya plastiki. Huhitaji maabara kujua kama imefanya kazi. Dondoshea tone la maji. Likijikusanya kama tone juu ya jani la mgomba, uso bado unakataa. Likitandaa, uko tayari. Tatizo ni kwamba utayari huo unafifia kadiri saa zinavyopita, na kwa macho hutaona tofauti. Trei iliyokaa kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu inafanana kabisa na trei ya leo asubuhi. Andika saa kwenye kila trei, na ukikuta trei isiyo na saa, irudishe kwenye plazima bila kubishana na mtu.

Unyevu nao. Kemikali ya isosianati iliyomo kwenye poliurethani ikikutana na maji hutoa hewa ya kaboni dioksidi, na viputo vyake hukaa pale pale ulipotaka ganda lishike. Wakati wa joto, hewa ikiwa nzito, tunakausha tabaka la kati kabla ya kumimina. Na hapo naomba mnisikilize kwa dhati: isosianati inaweza kukupa pumu, na mwili ukishaanza kuikataa, hata kiasi kidogo kinaweza kukuletea shambulio. Vaa kinga ya kupumulia uliyopewa. Kama feni ya kufyonza hewa imezimwa, usimimine, hata msimamizi akiwa na haraka.

Kwenye kumimina kuna mtego mmoja ambao hauandikwi sana. Kiini kikipashwa joto hutanuka. Ganda likigandia juu yake kikiwa kimetanuka, kikipoa kinanywea na kulivuta ganda kutoka ndani. Mpira unatoka mzuri, unapita ukaguzi wa macho, kisha unabanduka baada ya kupigwa mara kadhaa.

Mwisho, jifunze kusoma mpira uliofeli. Ukate katikati, ingiza ncha ya kisu chini ya ganda, uvute polepole. Ganda likitoka safi, upande wake wa ndani ukiwa laini kama umetoka kwenye kalibu, basi halikushika tangu mwanzo: rudi kwenye mafuta, saa za trei na plazima. Likitoka limebeba vipande vya tabaka la chini, mshikano ulikuwa mzuri na kilichochanika ni malighafi yenyewe, na hapo unayo haki ya kumpigia simu aliyetuuzia. Likitoka safi upande mmoja tu, mara nyingi nimekuta ni mahali mpira uliposhikwa au ulipolalia kwenye trei. Usiutupe mpira huo. Ufunge kwenye mfuko pamoja na namba ya bechi, saa ya plazima na unyevu wa hewa wa siku hiyo, na uuweke kwenye kabati utakapoweza kuulinganisha na utakaofuata.