Duka linanimaliza: niajiri meneja au nifunge mwezi mzima?

SWALI: Shikamoo mshauri. Nina duka la vifaa vya ujenzi Nyakato, Mwanza, tangu 2016, na vijana watatu wa kunisaidia. Nafungua saa moja asubuhi, nafunga saa mbili usiku, siku zote saba, na hesabu namalizia nyumbani mpaka saa sita. Zamani niliipenda kazi hii. Siku hizi mteja akiingia namkasirikia kabla hajafungua mdomo. Juzi nilimtolea fundi risiti ya mabati mara mbili, nikabishana naye mbele ya watu, kumbe kosa langu. Nikisema nipumzike hata siku moja, simu inaita mpaka najuta. Niliwahi kuibiwa na kijana niliyemwamini kama mdogo wangu, kwa hiyo ufunguo wa droo simwachii mtu. Niajiri meneja, au nifunge duka mwezi mzima nipumzike kisha nirudi?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole sana. Nashukuru umeitaja ile hasira kwa mteja ambaye hajasema neno, maana wengi huificha, na ndiyo iliyonifanya nisikujibu kwa kukwambia tu ukapumzike. Shirika la Afya Duniani lilipopitisha mwongozo wake mpya wa magonjwa mwaka 2019, lilieleza hali ya kuishiwa kwa sababu ya kazi kwa dalili tatu: nguvu kwisha, moyo kuikimbia au kuichukia kazi, na kuona unachofanya hakizai kitu. Halikuiita ugonjwa. Lilisema inatokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa. Barua yako ina zote tatu, ile risiti ya mara mbili ikiwemo.

Kwa kuwa chanzo kiko kazini, kufunga mwezi mzima hakutakusaidia sana. Utalala, uso utanawiri, halafu utarudi kwenye droo ileile na ufunguo uleule. Kodi ya fremu na mishahara havitakusubiri, na mafundi watakuwa wameshazoea duka la jirani.

Kabla ya duka, mwili. Saa 13 kwa siku 7 ni saa 91 kwa wiki, bila kuhesabu za usiku. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kazi Duniani walitoa utafiti ulioonyesha kwamba wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wanaofanya saa 35 hadi 40. Wiki hii nenda kapime presha, sukari na wingi wa damu. Upungufu wa damu peke yake unaweza kukuchosha hivyo, ukabaki unalaumu duka. Na kama kuna siku unaona heri usingeamka kabisa, usingoje ushauri wa biashara. Mwambie mtu wa karibu leo, na umwone daktari. Hospitali ya Bugando ipo karibu nawe na ina wataalamu wa afya ya akili.

Sasa duka. Nilimpa mteja wangu mmoja wa Geita, naye wa vifaa vya ujenzi, daftari dogo la shule, nikamwomba kwa siku saba aandike kila anachoulizwa na vijana wake. Nililiona lile daftari. "Bosi, mteja anataka nondo ya milimita 12 apunguziwe elfu moja." "Bosi, chenji imeisha." "Bosi, rangi nyeupe ya lita nne ipo?" "Bosi, yule fundi wa jana anataka saruji kumi atalipa Ijumaa." Kurasa na kurasa. Maswali ya bei yalizidi mengine yote, na karibu yote aliyajibu vilevile kila siku. Mtu huyo hakuwa amechoshwa na kubeba mifuko. Alichoshwa na kuwa mlango mmoja ambao kila shilingi na kila neno lazima lipitie. Naamini ndivyo ulivyo wewe. Anza na daftari hilo.

Maswali ya bei yana tiba rahisi: karatasi nyuma ya kaunta yenye bei ya kuuzia na bei ya mwisho ya kila bidhaa kubwa. Kijana akishafika bei ya mwisho, anasema hapana, hakupigii simu. Mikopo ya mafundi iwe na siku moja tu kwa wiki, na uiamue wewe peke yako. Siku nyingine ni pesa mkononi au Lipa Namba.

Kwenye wizi nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ulipofungwa. Yule kijana, nadhani alipokea pesa, akatoa mzigo, na daftari akaandika mwenyewe. Mtu mmoja akishika vyote vitatu, hata malaika atajaribiwa, na wewe huna namna ya kujua mpaka mtaji uwe umeshapungua. Baada ya hapo ukavishika vyote wewe. Wizi ulikoma, lakini ndipo ulipoanza kwisha wewe.

Vitenganishe. Kijana wa kwanza anapokea pesa na kutoa risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, hagusi mzigo. Wa pili anakaa stoo, hatoi hata mfuko mmoja bila kuona risiti, na akitoa anapunguza kwenye kadi. Kadi ni kipande cha karatasi ngumu kilichoning'inia pale bidhaa ilipo: tarehe, ulioingia, uliotoka, uliobaki. Usianze na misumari na bawaba, utachoka ukaacha. Anza na saruji, nondo, mabati na rangi, pesa yako nyingi imelala humo. Kila asubuhi chagua bidhaa moja bila kumwambia mtu, hesabu, linganisha na kadi. Hiyo ni kazi ya dakika kumi. Jioni toa ripoti ya Z ya mashine, yaani muhtasari wa mauzo ya siku nzima: jumla yake ilingane na pesa taslimu, Lipa Namba na mikopo ya siku hiyo, ukishaondoa chenji ya kuanzia. Chenji hiyo iwe kiasi kilekile kila siku, tuseme 50,000. Hesabu ifanyike dukani, saa ya kufunga, kijana akiwepo na kusaini. Kitandani usiende na daftari tena.

Ndiyo maana nasema meneja bado. Ukimleta leo bila kadi na bila karatasi ya bei, atakuwa mtu wa nne wa kukupigia simu, tena wa mshahara mkubwa. Miezi mitatu ikipita, mmoja wa vijana hao atakuwa ameshajionyesha. Huyo mwongeze mshahara na umpe ufunguo.

Jambo moja niliseme kwa upendo: kama nao wanafanya siku saba, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inawapa mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na kawaida ya kazi ni saa 45 kwa wiki. Hivyo panga zamu, na kwenye ratiba hiyo liwepo jina lako.

Kodi ya mishahara ya tarehe 7, VAT ya tarehe 20 kama umesajiliwa, na awamu nne za kodi ya makadirio, mpe mshauri wa kodi aliyesajiliwa umlipe kwa mwezi. Mkopo hukuutaja. Kama upo na rejesho linakubana, nenda benki kabla hujakosa tarehe, uombe wakupangie upya, na usichukue mkopo wa riba kubwa wa kausha damu kuziba pengo.

Likizo yako ianze kidogo. Wiki ya kwanza, chagua siku ambayo biashara hupoa, ondoka saa nane mchana. Wiki ya pili, ondoka saa sita. Wiki ya tatu, siku hiyo usije kabisa, ila simu iwe wazi kwa mambo mawili tu: mtu ameumia, au maofisa wa serikali wamefika. Wiki ya nne, siku hiyohiyo, simu mwachie mumeo au dada yako. Asubuhi yake, ukifika, ingia stoo na uhesabu saruji. Kisha niandikie: ilikuwa mifuko mingapi, na kadi ilisema mingapi.