Kabla ya Kukata Rufaa Dhidi ya Amri ya Kumrudisha Mtoto

Mahakama Kuu mjini London ilipomwamuru mdogo wangu amrudishe mwanawe Ujerumani, alikomwondoa bila ridhaa ya baba yake, neno lake la kwanza tulipofika nje lilikuwa, "Dada, tunakata rufaa lini?" Nilikuwa naye tangu mwanzo, nikimsomea barua za mawakili usiku, na nayaandika haya kwa ajili ya mzazi atakayesimama pale tuliposimama sisi.

Mkataba wa Hague wa 1980, yaani makubaliano ya mataifa kuhusu watoto waliopelekwa nchi nyingine kinyume cha haki za mzazi mmoja, hauulizi nani kati yenu ni mzazi bora. Unauliza makazi ya kawaida ya mtoto yalikuwa wapi na kama aliondolewa kwa kuvunja haki za malezi za mwenzio. Na Ibara ya 19 inasema wazi kwamba amri ya kumrudisha si uamuzi kuhusu malezi. Sisi hatukulishika hilo. Tuliandika kurasa kumi na moja za ulevi na matusi ya shemeji, tukitumaini majaji wa rufaa watatuonea huruma, na wakili akaturudishia akiwa ameandika juu kwa kalamu nyekundu: "Jaji alikosea wapi?" Tulikaa mezani mpaka chai ikapoa, jibu hatuna.

Mahakama ya Rufaa haisikilizi kesi upya, na ushahidi mpya huupokea kwa nadra. Inachotafuta ni kosa: sheria iliyotafsiriwa vibaya, jambo la msingi lililoachwa, au utaratibu usio wa haki. Kama ulidai hatari kubwa kwa mtoto chini ya Ibara ya 13, inayoruhusu mahakama ikatae kumrudisha, na jaji akatosheka na ahadi za mwenzio bila kupima iwapo zitamlinda mtoto kweli huko aendako, hapo una hoja. Ubaya wa mwenzio peke yake si hoja, hata kama kila ulichosema ni kweli.

Kisha kuna muda. Rufaa huhitaji kibali, na ni vyema kukiomba kwa jaji yuleyule siku ya hukumu. Kwa kawaida una siku 21, lakini jaji anaweza kuzipunguza, na kuwasilisha rufaa hakusimamishi amri. Ni lazima uombe mahsusi utekelezaji usitishwe. Tulilijua hilo zikiwa zimebaki siku sita kabla ya safari.

Iwapo jaji hakukosea ila hali imebadilika kimsingi baada ya hukumu, njia si rufaa bali ni kuiomba Mahakama Kuu yenyewe itengue amri yake. Usijaribu kuyatengeneza mabadiliko hayo kwa kuchelewesha safari, kwani majaji wameshayaona mengi.

Ulizeni mapema pia kuhusu gharama. Nchini Uingereza, mzazi anayedai mtoto arudishwe hupata msaada wa kisheria bila kipato chake kuangaliwa, ilhali anayepinga hupimwa kipato na uzito wa kesi yake. Mpaka leo sijaona haki katika hilo.

Kibali tulinyimwa. Kilichotufaa ni zile siku za mwisho, wakili alipoacha kupigania rufaa akapigania masharti ya kurudi: nyumba ya peke yao, pesa za matumizi, na shemeji asiwasogelee hadi mahakama ya kule ikae. Yote yaliandikwa ndani ya amri. Mdogo wangu alipanda ndege na mwanawe, nakala ya amri hiyo ikiwa mkobani pamoja na tafsiri yake ya Kijerumani.