Maswali na Majibu: Draiva Safi Kwenye RAM Finyu

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Natengeneza kifaa cha kupima joto la ghala la viazi: sensa nne za DS18B20, skrini ya OLED ya nukta 128 kwa 64, vyote kwenye chipu ya ATmega328P. Mwalimu wangu anataka draiva (msimbo unaoendesha kifaa) zenye tabaka, kila sensa na struct yake (kifurushi cha vigeu) iliyojaa pointa za fanksheni, yaani anwani zake. Nimetii, na sasa skrini inaonyesha takataka na kifaa kinajiwasha upya chenyewe. Nirudi kuandika kila kitu kwenye faili moja?
Mwanafunzi, Iyunga, Mbeya

JIBU: Usirudi. Tabaka zako zinasingiziwa. Mlaji mkubwa ni skrini. Chipu hiyo ina flashi (hifadhi ya programu) ya kilobaiti 32, lakini RAM yake (kumbukumbu ya kazi) ni baiti 2,048 tu. Maktaba inayotunza picha nzima ya skrini hutenga 128 × 64 ÷ 8, yaani baiti 1,024. Nusu imeshakwenda. Wire, maktaba ya mawasiliano ya I2C, ina bafa (hifadhi za muda) tano za baiti 32, jumla 160, na Serial, ya kuongea na kompyuta, inachukua 64 za kupokea na 64 za kutuma. Vigeu hujipanga kutoka chini na staki (eneo la vigeu vya fanksheni zinazoendelea) hushuka kutoka juu. Vikikutana hupati ujumbe wowote wa kosa, kimoja kinaandika juu ya kingine. Takataka unazoziona zinatoka hapo. Tena baadhi ya maktaba huomba bafa ya skrini kwa malloc programu ikishaanza, kwa hiyo namba ya RAM unayoonyeshwa baada ya kukompaili haiihesabu kabisa.

Ukitumia maktaba ya skrini ya U8g2, chagua konstrakta (jina la kuanzishia skrini) yenye _1_ badala ya _F_. Bafa inashuka hadi baiti 128, na skrini inachorwa vipande vinane. Angalizo: soma sensa kabla ya kuingia kwenye mzunguko wa firstPage na nextPage. DS18B20 kwenye biti 12 huhitaji hadi milisekunde 750 kwa kipimo kimoja. Ukiisoma ndani ya mzunguko utaisubiri mara nane, na namba inaweza kubadilika katikati ya picha.

Sasa pointa. Kwenye AVR, familia ya chipu yako, pointa ya fanksheni ni baiti 2. Fanksheni tano ndani ya struct ya kila sensa, kwa sensa nne, ni baiti 40. Ukiweka jedwali moja la baiti 10 na kila sensa ikabaki na pointa moja ya kulielekea, zinakuwa 18. Akiba yenyewe ni ndogo. Hasara iliyo kubwa zaidi iko kwenye flashi: fanksheni iliyotajwa ndani ya jedwali, linka (inayounganisha vipande vya programu) haiwezi kuitupa hata kama hakuna anayeiita, na mara nyingi kompaila hushindwa kuimeza ndani ya mwitaji wake.

Lakini jiulize: sensa zako zote ni za aina moja, jedwali la kuchagulia ni la nini? Weka heda moja (faili ya matangazo ya fanksheni), joto.h, yenye anzisha, omba na soma. Utekelezaji ukae kwenye joto_ds18b20.c. Siku ukibadili sensa, unabadili faili inayokompailiwa, na programu kuu haiguswi. Mpaka ni safi uleule anaoutaka mwalimu, ila umeamuliwa wakati wa kukompaili, kwa hiyo haugharimu RAM. Jedwali la pointa lina haki yake pale aina mbili za sensa zinapofanya kazi pamoja kwenye bodi moja.

Yamebaki mawili. Kwenye chipu hii, const peke yake haiondoi kitu kwenye RAM. Maneno “Joto la ghala limezidi” yanakula baiti 23 hadi uyafunge kwa F() au PROGMEM, yabaki kwenye flashi. Pia achana na float: chipu haina kitengo cha desimali, na hesabu hiyo huburuta maktaba nzima kwenye flashi. Tunza thamani ghafi kama int16_t, kila hatua ikiwa 1/16 ya digrii. Zidisha kwa 10, gawa kwa 16: ghafi 72 inatoa 45, yaani nyuzi 4.5. Chini ya sifuri, chapisha alama ya kutoa kwanza, maana -5 ikigawanywa kwa 10 inabaki 0 na alama inapotea.

SWALI: Draiva yetu ya tanuri la kukaushia mbao, Zephyr (mfumo endeshi wa vifaa vidogo) kwenye chipu ya STM32F103C8, imejaa #ifdef, amri za kuwasha au kuzima msimbo wakati wa kukompaili, hadi haisomeki. Tukiziondoa, flashi ya kilobaiti 64 itatosha?
Fundi, Mafinga

JIBU: Ndani ya fanksheni, badilisha #ifdef ziwe if (IS_ENABLED(CONFIG_...)). Kompaila hukagua matawi yote mawili, kisha hulitupa lililozimwa, hivyo kosa la kwenye tawi lililolala linaonekana leo badala ya siku ya kuliwasha. Mbinu hii inagoma pale ambapo sehemu ya struct yenyewe imefichwa kwa #ifdef. Hapo hamishia kipengele hicho kwenye faili yake na uiwashe kwa Kconfig, mfumo wa mipangilio wa Zephyr. Kabla ya kukata chochote, endesha west build -t rom_report, halafu ram_report, uone nani anakula flashi na RAM. Dau letu ni kwamba utakuta maandishi ya logi yamejaa kuliko draiva yenyewe; punguza kiwango cha logi kwanza.

SWALI: Task (kazi inayoendeshwa na mfumo endeshi) ya FreeRTOS kwenye chipu ya Cortex-M3 nimeipa staki ya 128. Draiva ina bafa ya baiti 256 ndani ya fanksheni. Inaanguka mara chache tu. Kwa nini?
Msomaji, Njombe

JIBU: Hiyo 128 ni maneno ya baiti 4, yaani baiti 512. Bafa imechukua nusu, snprintf, ya kupanga maandishi, inataka zake, na inaanguka pale tu njia ndefu ya miito inapopitiwa. Weka configCHECK_FOR_STACK_OVERFLOW iwe 2, na soma uxTaskGetStackHighWaterMark baada ya kifaa kupita kwenye hali zake zote, makosa yakiwemo. Kuifanya bafa kuwa static kunatibu staki, lakini task mbili zikiita draiva hiyo zitaharibiana data. Ilinde kwa mutex (kufuli la kuingia kwa zamu), au kila kifaa kipewe bafa yake ndani ya struct yake.