Uliza Kuhusu Macho: Karatasi mbili za miwani, namba tofauti, nani kakosea?

SWALI: Shikamoo daktari. Nimepima macho sehemu mbili tofauti maana ya kwanza sikuiamini sana. Ya kwanza wameandika OD -2.00 -0.75 x 90 na OS -1.50 -0.50 x 10. Ya pili wameandika OD -2.75 +0.75 x 180, OS -2.00 +0.50 x 100. Sasa hapo nani muongo? Na mbona huyu wa pili kanipandishia namba halafu kaweka na plasi? Naogopa hata kutengeneza miwani.

JIBU: Marahaba. Tulia kabisa, hakuna muongo hapo. Karatasi zote mbili zinasema kitu kilekile, ukimpelekea fundi yoyote kati ya hizo atakutengenezea lenzi zenye nguvu ileile.

OD ni jicho la kulia, OS la kushoto. Namba ya kwanza inaitwa SPH, hiyo ndiyo nguvu ya lenzi kwa kipimo kinachoitwa diopta, mainasi ikiwa huoni vizuri vitu vya mbali na plasi ikiwa lenzi ni ya kumsaidia mtu ambaye jicho linajikaza sana hasa kwa vitu vya karibu. Sio asilimia, naomba hilo lieleweke maana watu wananiuliza kila siku, mainasi 2 sio kwamba macho yamekufa asilimia 20. Ukitaka kujua maana yake chukua 1 ugawe kwa hiyo namba, jibu ni mita. Mwenye -2.00 bila miwani anaona safi mpaka nusu mita, kuanzia hapo vitu vinaanza kufifia. Mwenye -4.00 mwisho wake sentimita 25.

Namba ya pili, CYL yaani silinda, ni ya astigmatizimu, yaani kioo cha mbele cha jicho hakijapinda sawa pande zote, kimekaa kama yai badala ya mpira, kwa hiyo upande mmoja unahitaji nguvu tofauti na mwingine. Ya tatu, ile yenye x mbele yake, ni mhimili, inaonyesha hiyo silinda ilazwe kwa digrii ngapi, na inaishia 180. Kwa hiyo 180 kwenye karatasi yako haina maana jicho ni bovu zaidi, ni mwelekeo tu.

Sasa kwa nini zimetofautiana? Kuna wanaoandika silinda kwa mainasi na kuna waliozoea kuiandika kwa plasi, wote wako sawa. Kubadilisha ni rahisi, fanya mwenyewe uone: jumlisha SPH na CYL, -2.00 na -0.75 unapata -2.75. Geuza alama ya silinda, inakuwa +0.75. Halafu mhimili uusogeze digrii 90, kama ni 90 au chini yake unaongeza, kama umezidi 90 unapunguza, kwa hiyo 90 inakuwa 180. Umeona? Ndiyo karatasi ya pili hiyo. Fanya na kushoto, utapata -2.00 +0.50 x 100.

Kinachoniogopesha mimi ni mtu kuchanganya, anachukua SPH ya huku na CYL ya kule, au anapoinakili kwa simu anasahau alama. -2.00 ikiandikwa +2.00 umekosea diopta 4 nzima! Na mhimili pia usiudharau, ukikosewa kwa digrii 30 astigmatizimu inayobaki ni kubwa sawasawa na ya mtu ambaye hajavaa silinda kabisa, sema tu imegeuka upande. Piga picha karatasi, tuma picha, usiandike kwa kichwa.

SWALI: Nina miaka 47, nimeandikiwa -1.50 macho yote na ADD +1.50. Nikivua miwani nasoma vizuri kuliko nikivaa, nimepona? Nilinunua na ile ya kusomea iliyo tayari ya +1.50 lakini kitabu nakisogeza mpaka karibu na pua.

JIBU: Hujapona ndugu yangu, ila wala hujaharibika. Kuanzia miaka ya 40 hivi lenzi ya ndani ya jicho inakuwa ngumu, haibadiliki umbo kirahisi kama zamani, inampata kila mtu. ADD ni nguvu ya kuongeza JUU ya namba ya mbali wakati wa kusoma. Yako -1.50 ukiongeza +1.50 ni sifuri, ndiyo maana ukivua miwani unasoma vizuri! Ukivaa ile ya dukani peke yake unakuwa umezidisha, huoni safi kupita sentimita 33. Iweke pembeni. Ila kama namba yenyewe imebadilika ghafla ndani ya wiki chache, pima sukari kwanza kabla ya kubadilisha lenzi, maana sukari ikipanda au kushuka sana namba ya miwani nayo inayumba.

SWALI: Naweza kutumia cheti cha miwani kununua lenzi za kuvaa jichoni? Yangu ni -6.00.

JIBU: Hapana, usifanye hivyo. Miwani inakaa kama milimita 12 mbele ya jicho, lenzi ya jichoni inagusa jicho lenyewe, kwa hiyo -6.00 yako inashuka inakuwa karibu -5.50. Halafu kuna mpindo na kipenyo vya lenzi ya jichoni, hivyo cheti cha miwani hakina kabisa, lazima upimwe, na wakuangalie lenzi ikiwa imekaa jichoni kabla hujanunua.