Paswedi ya wai-fai nimebadili, sasa tatizo nini? Fundi rauta anajibu

Shikamoo fundi, niko Nkuhungu. Nimeweka paswedi ngumu ya wai-fai ila naambiwa rauta bado inaweza kuingiliwa. Kivipi?

Marahaba mwanangu. Paswedi ya wai-fai na ya kuingilia kwenye setingi ni vitu viwili, wengi wanabadili ya kwanza, ya pili inabaki admin na admin. Ila hata ukibadili zote kuna ugonjwa mwingine. Rauta ni kompyuta ndogo, nyingi ndani zina Linux (mfumo endeshi, kama Windows kwenye kompyuta), na kwenye setingi kuna visanduku vya kujaza, mfano kile cha kupima mtandao, unaandika 8.8.8.8 (anwani ya kompyuta ya Google) nayo inaikabidhi sistimu vilevile ulivyoandika. Sasa mjanja anaandika namba, anaweka nukta mkato (;), anaongeza amri yake, na rauta isiyojua kuchuja inatekeleza vyote, tena kwa mamlaka ya juu kabisa. 2023 rauta ya TP-Link Archer AX21 ilikutwa na tundu la hivyo kwenye sehemu ya kuchagua nchi, kuchagua nchi tu jamani, na paswedi haikuhitajika! Virusi vya Mirai vikapitia humohumo.

Nina gesti Kisasa. Fundi wangu aliacha rauta inafunguka akiwa kwake, ili asije kila mara. Kuna ubaya?

Upo mama, tena mkubwa. Wewe umemfungulia fundi lakini mlango haumjui fundi, kuna programu zinazunguka intaneti usiku na mchana zikigonga kila anwani. Simsemi vibaya, hata mimi niliwahi kuwaachia wateja hivyo, uvivu tu wa kupanda boda kutoka Nzuguni na jua hili, mpaka siku nikakuta DNS ya mteja (inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya anwani) imebadilishwa, anaandika anwani ya tovuti anapelekwa kwingine. Ingia 192.168.0.1 au 192.168.1.1 (imeandikwa chini ya rauta), tafuta "Remote Management", zima. Na wageni wape wai-fai yao ya pembeni, maana mgeni aliye kwenye wai-fai yako kuu anaufikia ukurasa wa setingi hata kama nje umefunga.

Ikizingua nazima nawasha. Inasaidia?

Kidogo. Mirai inakaa kwenye memori, ukizima inakufa, ila tundu likiwepo inarudi. Virusi vingine, VPNFilter ya 2018, iliyokamata vifaa visivyopungua 500,000 kwenye nchi 54, yenyewe sehemu yake ya kwanza ilibaki hata ukizima. Kwa hiyo chukua pini, bonyeza kile kitundu cha riseti mpaka taa zibadilike, kisha apdeti kabla ya kuunganisha chochote kingine.

Yangu ni ya mtumba, nitajuaje kama bado inapata apdeti?

Igeuze, soma modeli pamoja na vesheni, V1 au V3, usiruke hapo maana faili la vesheni nyingine linaweza kuiua kabisa. Nenda tovuti ya aliyeitengeneza, angalia tarehe ya faili la mwisho. Unapoapdeti umeme usikatike katikati, mimi huwa naichomeka kwenye UPS (betri ya akiba). Ukikuta wameshaacha kuihudumia, kanunue nyingine, hiyo hata uniletee sina la kuifanya.

Antivairasi ya kwenye simu hailindi rauta?

Hailindi, inalinda simu.